Upepo haujui mpaka wa viwanda

Mwaka jana tulikaa kikao cha familia sebuleni kwa dadangu, Changamwe. Mwanawe wa pili, mwenye umri wa miaka 6, alikuwa hamalizi mwezi bila kukimbizwa hospitali. Ana pumu. Nyumba wanayoishi imepakana na barabara ambayo trela hupanga foleni usiku kucha, injini zikinguruma. Asubuhi ukipitisha kidole kwenye wavu wa dirisha, kinatoka cheusi.

Uamuzi haukuchukua muda. Mtoto apelekwe Matuga kwa mamangu, akae na nyanyake mpaka apate nafuu. Huko ni minazi na miembe, hakuna hata bomba moja la moshi. Mimi ndiye niliyempeleka. Tulipovuka feri ya Likoni nikamwambia, "Mjomba, sasa utapumua hewa safi."

Wiki ya tatu mamangu akanipigia simu. "Mwanangu, huyu mtoto usiku halali. Akohoa mpaka machozi yamtoka."

Tulipofika zahanati, muuguzi hakuuliza habari za viwanda wala trela. Aliuliza, "Mama, kwako mwapikia nini?"

"Kuni, mwanangu. Na makumbi ya nazi."

"Na ukipika, mtoto huwa wapi?"

Mamangu akainamisha kichwa. Mtoto ni kipenzi chake. Kila jioni hukaa naye jikoni, juu ya mbuzi, akimsaidia kukuna nazi, moshi ukiwazunguka wote wawili.

Nimefundisha sayansi shule ya upili kwa zaidi ya miaka 20, na bado nilianguka katika kosa ambalo wengi wetu hapa Pwani tunalo. Tumeigawa hewa mafungu mawili. Changamwe, Miritini na Shimanzi tumeziandikia uchafu; Matuga, Msambweni na mashamba ya Kilifi tumeyaandikia usafi. Tangu siku ile ya zahanati nimekuwa nikisoma yale waliyoyapata watu waliopima hewa kwa miaka mingi, sehemu za viwanda na sehemu zisizo na viwanda. Niliyoyakuta yamenibadilisha fikra, na naona yafaa nawe uyajue, hasa ukiwa na mtoto au mzee nyumbani.

Chembe zinazozungumzwa

Moshi na vumbi si kitu kimoja. Ndani yake mna chembe za ukubwa mbalimbali. Zile kubwa, kama vumbi la barabara ya murram, huziona kwa macho, na pua na koo huzizuia nyingi kabla hazijafika mbali. Zinazowasumbua madaktari zaidi ni zile ndogo mno, zenye kipenyo cha maikromita 2.5 au chini ya hapo. Wataalamu huziita PM2.5. Unywele wa binadamu una unene wa maikromita 70 hivi, kwa hiyo ungeweza kupanga karibu chembe 30 za aina hii ubavu kwa ubavu juu ya unywele mmoja.

Kwa udogo wake, chembe hizi hupita puani na kooni zikafika mwisho wa mapafu, na baadhi huingia kwenye damu. Ndiyo maana madhara yake si kikohozi na pumu tu. Huchangia maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Mwaka 2013 wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliuweka uchafu wa hewa ya nje katika orodha ya mambo yanayosababisha saratani.

Kipimo chake ni maikrogramu kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Nitaandika namba peke yake ili nisikuchoshe. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa mwaka mzima usizidi 5, na wastani wa siku moja usizidi 15. Kabla ya hapo, tangu 2005, ushauri wa mwaka ulikuwa 10. Ulishushwa kwa sababu watafiti waliendelea kuona madhara hata pale ambapo hewa ilidhaniwa ni salama.

Wastani wa mwaka ndio wenye maana kubwa katika jambo hili. Siku moja ya moshi mzito hutisha, lakini mwili hulipa deni la miaka. Ukitaka kujua kama mtaa wako unaendelea vyema au vibaya, huwezi kutazama mawingu ya leo ukasema. Unahitaji daftari la miaka.

Mji wa chuma na mji wa mashamba

Daftari linalojulikana zaidi duniani lilianzishwa Marekani. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichagua miji sita. Mmoja ni Steubenville, jimbo la Ohio, ukingoni mwa mto, wenye viwanda vya chuma na makaa ya mawe. Mwingine ni Portage, jimbo la Wisconsin, mji mdogo uliozungukwa na mashamba. Waliandikisha watu wazima 8,111, wakawafuatilia kwa miaka 14 hadi 16, huku wakipima hewa ya kila mji.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1993. Wastani wa chembe ndogo Portage ulikuwa 11, na Steubenville ulikuwa 29.6. Baada ya kuondoa tofauti za uvutaji sigara, elimu, uzito wa mwili na aina ya kazi, kiwango cha vifo katika mji mchafu zaidi kilizidi kile cha mji safi zaidi kwa asilimia 26.

Ukiishia hapo utasema kumbe mgawanyo wetu ni sahihi, kwenye viwanda kuna mauti na shambani kuna uhai. Lakini tazama tena ile namba ya Portage. Mji usio na kiwanda cha chuma ulikuwa na 11, zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachoshauriwa leo. Zilitoka wapi chembe hizo?

Sehemu kubwa ilisafiri. Makaa ya mawe yakichomwa hutoa gesi ya salfa. Gesi hiyo ikikaa hewani hugeuka kuwa chembe ndogo, na chembe hizo ni nyepesi kiasi cha kuelea siku kadhaa na kwenda mamia ya kilomita kabla ya kuanguka. Vumbi kubwa huanguka karibu na mlango wa kiwanda. Mwenye kiwanda huliona, na jirani hulalamika. Chembe ndogo huenda kwa mtu ambaye hajui hata kama kiwanda hicho kipo.

Kwa sababu hiyo dawa haikuwa kuwahamisha watu wa Steubenville kwenda Portage. Mwaka 1990 sheria ya hewa safi ya Marekani ilirekebishwa, mitambo ya umeme ikalazimishwa kupunguza gesi ya salfa. Mwaka 1997 nchi hiyo ikaweka kwa mara ya kwanza kikomo cha chembe ndogo, wastani wa mwaka usizidi 15. Mwaka 2012 kikashushwa hadi 12, na 2024 hadi 9. Tangu mwaka 2000, wastani wa nchi nzima umeshuka kwa takriban asilimia 40.

Watafiti walirudi kwa watu wale wale wa miji sita. Ripoti yao ya 2006 ilionyesha kwamba hewa iliposafika, vifo navyo vilipungua, hasa pale ambapo chembe zilishuka zaidi. Ripoti nyingine ya 2012 iliongeza kwamba hata chini ya kikomo cha 15, kuteremka mpaka 8, bado hewa chafu kidogo ilikuwa na madhara kuliko hewa safi zaidi. Kwa hiyo mji wa viwanda una deni kubwa zaidi, lakini mji wa mashamba nao una deni lake.

Kuna ushahidi mwingine wa Marekani ninaoupenda kwa wepesi wake. Katika bonde la Utah, kiwanda kikubwa cha chuma kilisimama kazi kuanzia Agosti 1986 mpaka Septemba 1987 kwa sababu ya mzozo wa wafanyakazi. Mtafiti Arden Pope alihesabu watoto waliolazwa hospitali kwa maradhi ya kifua. Katika majira ya baridi ambayo kiwanda kilikuwa kikifanya kazi, waliolazwa walikuwa mara mbili hadi tatu ya wale wa majira ya baridi ambayo kilifungwa. Wakati huo walipima chembe kubwa kidogo, hadi maikromita 10, lakini fundisho ni lile lile: anayelipa kwanza ni mtoto.

Na wala usidhani ni lazima kungoja nusu karne. Mwaka 2013, kwa takwimu rasmi za jiji lenyewe, wastani wa Beijing ulikuwa 89.5. Walibadilisha matanuri ya makaa ya mawe yakawa ya gesi, wakahamisha viwanda vizito, wakabana moshi wa magari. Kufikia 2021 wastani ulikuwa 33. Bado ni mwingi, lakini aliyezaliwa Beijing 2021 hapumui hewa aliyoipumua kakake.

Mpaka wa karatasi

Sasa turudi kwetu. Kanuni za ubora wa hewa za Kenya za mwaka 2014 ziliweka jedwali lenye safu tofauti: eneo la viwanda, eneo la makazi na mashambani, na maeneo yenye ulinzi maalumu. Kwenye karatasi mgawanyo huo unaeleweka. Lakini Changamwe ya kweli haina safu. Kuna nyumba, shule, msikiti, kanisa, genge la mboga na yadi ya makontena, vyote katika barabara moja.

Na hata pale ambapo umbali upo, kuna upepo. Mvuvi yeyote ataniambia nisimfundishe hili. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, moshi wa Changamwe husukumwa kusini-magharibi, kuvuka maji kuelekea upande wa Matuga. Kusi ikiingia, moshi huo huo hugeuzwa kuelekea Miritini na kwingineko bara. Yule mjomba wangu tuliyemvusha feri mwezi wa pili tulimpeleka kule kule upepo ulikokuwa ukielekea.

Watu wa Owino Uhuru, Mikindani, wanajua mpaka wa karatasi una thamani gani. Waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na sumu ya risasi ikawaingia mwilini. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikatengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha fidia hiyo. Lakini kumbuka kilichothibitisha madhara yao: ni vipimo vya damu zao na za watoto wao. Hewa ingepimwa mapema, damu isingelazimika kutoa ushahidi.

Kiwanda kilicho jikoni

Jambo la pili nililolikuta linatuhusu zaidi sisi wa mashambani. Chembe ndogo hazijali zimetoka kwenye bomba la kiwanda au kwenye mafiga matatu. Kuni, makaa, makumbi na vifuu, vyote vikiungua bila hewa ya kutosha hutoa PM2.5. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nyumba isiyopitisha hewa vizuri, moshi wa kupikia unaweza kufanya chembe hizi zizidi kiwango kinachokubalika kwa mara 100. Linakadiria pia kwamba moshi wa nyumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kati ya hivyo zaidi ya 237,000 ni vya watoto wa chini ya miaka 5.

Sensa yetu ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya nyumba za Kenya hupikia kuni. Basi katika nyumba zaidi ya nusu kuna kiwanda kidogo, kisicho na bomba refu, na wafanyakazi wake ni mama na mtoto aliye mgongoni.

Sisemi haya ili kuwalaumu mama zetu. Mamangu amepikia kuni maisha yake yote kwa sababu kuni zipo na gesi ina bei. Nayasema kwa sababu ukiamini uchafu uko Changamwe peke yake, hutafungua dirisha la jikoni Matuga.

Miaka tuliyoipoteza

Nikiitazama Mombasa ya miaka kumi na kitu iliyopita, naona mabadiliko manne makubwa yaliyogusa hewa yetu. Mwaka 2013 mtambo wa Changamwe uliacha kusafisha mafuta ghafi. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa kidogo. Mwaka 2017 reli ya SGR ilianza kazi. Na tangu Januari 1, 2020, meli zote duniani zililazimika kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.5, badala ya 3.5 ya zamani. Na sisi ni watu wa bandari.

Kila moja kati ya hayo lilipaswa kuonekana kwenye daftari. Lau tungelikuwa na kipimo kimoja Changamwe na kimoja Matuga, vikiandika kila siku tangu 2010, leo tungelisema kwa namba ni lipi lililosaidia, na kama nafuu iliyotokana na dizeli safi imemezwa na wingi wa malori, tuktuk na bodaboda. Badala yake tunabishana barazani, huyu akisema hewa imeharibika, yule akisema ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Na mwenye kiwanda akiambiwa anachafua, hujibu, "Leta ushahidi."

Kupima si jambo la miujiza. Njia ya kuaminika zaidi ni kuvuta hewa ipite kwenye kichujio kwa saa 24, kisha kichujio kipimwe uzito kabla na baada. Siku hizi kuna pia vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyomulika chembe kwa mwanga na kuzihesabu. Kwetu Pwani vifaa hivyo vina mtego wake: unyevu na chumvi ya bahari hufanya chembe zivimbe, na kifaa kisiporekebishwa huonyesha uchafu zaidi ya uliopo. Dawa ni kukiweka kwanza kando ya kipimo cha kuaminika, kiwiane nacho.

Kisha lazima tulinganishe vinavyolingana. Kaskazi ipimwe na kaskazi, kusi na kusi. Usichukue namba za Januari ukazishindanisha na za Juni, ukasema hali imebadilika. Wamarekani wenyewe hutumia wastani wa miaka mitatu kabla ya kuamua kama eneo limevuka kikomo, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kudanganya.

Ombi langu kwa serikali za kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi, na kwa NEMA, ni hili: wekeni vipimo vya kudumu, na visiwe kwenye viwanda tu. Kimoja kiwe kando ya barabara ya malori, kimoja shuleni katikati ya makazi, kimoja shambani, na namba zibandikwe hadharani mahali ambapo hata mzee asiye na simu ya kisasa atasomewa. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Haki isiyopimwa ni ngumu kuidai.

Nasi wa nyumbani tusingoje. Jiko litolewe nje au lipasuliwe dirisha la pili ili hewa ipite. Kuni zikauke vizuri kabla ya kuwashwa. Taka za plastiki zisichomwe uani. Mtoto mwenye pumu asikae jikoni moto ukiwaka, na usiku dirisha linaloelekea barabara ya trela lifungwe, lifunguliwe lile la upande wa pili.

Mamangu sasa anapikia chini ya mwembe mvua isiponyesha, na tumechanga tukamnunulia mtungi mdogo wa gesi kwa ajili ya chai na uji wa asubuhi. Wali wa nazi bado anasema hauwi wali bila kuni, na hapo sijambishia. Mbuzi tumeihamishia barazani, na mjomba wangu hukuna nazi huko. Kikohozi cha usiku kimepungua sana.

Lakini shule yake iko Changamwe, na dadangu anamtaka mwanawe arudi. Tutakaa kikao kingine. Safari hii sitasema kule ni kuchafu na huku ni kusafi. Nitauliza kitanda chake kiko upande gani wa nyumba, trela husimama saa ngapi, na ni nani atakayekwenda nami ofisi ya kaunti kuomba kile kipimo.